"Data hii" au "data hizi"? Na hizo tani ni za nini?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mi ni katibu wa kikundi cha kupanda mikoko huku Kwale, nimeandika ripoti ya mwaka kwa Kiswahili na jamaa aliyenihakikia kaichafua yote kwa wino mwekundu. Nilipoandika "data hii" kaweka "data hizi", kwingine neno data kalifuta kabisa kaweka "takwimu", halafu anasema "uhandisi ikolojia" si Kiswahili. Sentensi yenyewe iliyozua ugomvi ni hii: "Data hii inaonyesha mikoko 2,400 imeshika na itanyonya tani 3 za kaboni, hivyo kikundi kitapata mikopo ya kaboni." Nani yuko sawa?

JIBU: Marahaba, katibu. Kwenye hii na hizi wote mko sawa, kwa hiyo msikosane bure. Data imeshaingia ngeli ya I-ZI pamoja na kina kalamu, chupa na habari, na majina ya huko hayabadiliki umbo, umoja na wingi unaujua kwa kinachofuata tu. Ukiichukulia kama mzigo mmoja sema data hii imekusanywa Gazi, ukiwa unawaza vipimo kimoja kimoja sema data hizi zinatofautiana kila msimu, na kama unaiona ni ya kundi la sukari na chai, ile I-I isiyohesabika, mi sikukatazi. Kosa ni kuanza na hii afu kufika katikati ya sentensi "zinaonyesha", na hilo nakutana nalo kila siku hata kwa watu wenye digrii zao. Wale wanaoshikilia hizi eti kwa sababu Kilatini ni wingi waache na Kilatini chao, maana kitabu tulikitoa Kiarabu na wingi tukasema vitabu, hatukumwomba mtu ruhusa. "Madata" nayo ni ya mdomoni, rundo la data, ripotini usiiweke.

Takwimu hapo mhakiki wako kapitiliza. Mtu anayeingia kwenye matope na utepe wake, akaufunga kwenye shina mita 1.3 kutoka chini kama wanavyopima miti mingine (ila mkoko wenye ile mizizi inayoning'inia kama miguu ya buibui inabidi apande mpaka juu ya mzizi wa mwisho, la sivyo anapima mizizi), akaandika kwenye daftari "mkandaa, sm 9.4", hiyo ndo data. Mkishakaa mkajumlisha, mkatoa wastani, mkasema kila hekta ina miti kadhaa, hapo mna takwimu. Ukifuta data yote ukaweka takwimu, msomaji hajui tena kipi mlikipima na kipi mlikikokotoa, na kwenye kazi kama yenu hilo ndo swali la kwanza mtakaloulizwa. Jua pia ukiandikia Watanzania kwamba sheria yao ya 2022 inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, taarifa si data, na vijana huku na huku wakisema data imeisha wanamaanisha bando.

Sasa mi kilichonishika ni "mikoko 2,400", na hapo wino mwekundu haukufika. Mikoko ipi? Kenya ina aina 9 za hiyo miti na watu wa pwani wana majina yao kabla mtu wa chuo hajaja na ya Kilatini: mkoko wenyewe, mkandaa ambao maganda yake yalikuwa yakitiwa kwenye rangi na ngozi, mchu unaotoa mizizi ya kupumulia inayosimama juu kama penseli, mlilana unaokaa mbele kabisa na maji na mafundi majahazi wanaupenda kwa mataruma, yaani mbavu za chombo, muia, mkomafi wenye tunda kubwa la mviringo, na wengineo. Kila mmoja una mahali pake. Mlilana unavumilia kufunikwa na maji kila siku, mkandaa ukiupanda hapo unakufa, na miradi mingi duniani imekwama kwa kukosa hilo tu, watu wanachomeka miche ya mkoko kila penye tope kwa sababu mbegu yake ni ndefu na rahisi kuokota. Kwa hiyo jina kwa ujumla, msitu wa mikoko, sawa, hakuna shida, lakini kwenye safu ya jedwali andika jina la mti. Mzee mvuvi akikwambia pale palikuwa na mchu, hiyo nayo ni data, usije ukaigeuza "mikoko" ukaipoteza.

Kaboni sasa. Hili si la sarufi, ni la hela. Kaboni ni elementi, ile iliyo kwenye mbao na mkaa, na hewa ukaa ni kaboni ikiwa imeshikana na oksijeni mbili, hewa inayotoka kwenye moshi wa gari, wengine wanaiita kaboni dioksidi. Kaboni ina uzito wa 12, oksijeni mbili ni 32, jumla 44, gawa kwa 12 utapata 3.67. Maana yake tani 1 ya kaboni iliyo ndani ya mti ni sawa na tani 3.67 za hewa ukaa. Wenzenu wa Mikoko Pamoja pale ghuba ya Gazi, mradi wa kutunza mikoko ulioanza 2013 kwenye hekta 117, wanauza ufyonzaji wa kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka, na hizo ni za hewa ukaa. Mtu akiziandika "tani 3,000 za kaboni" kawaandikia tani 11,000 za hewa ukaa bila kujua, na mnunuzi akija kukagua ataona mnadanganya wakati mlichokosea ni neno. Kwa hiyo hizo tani 3 zako, katibu, ni za nini? Rudi kwa aliyekokotoa umuulize kabla hujachapa.

Na "mikopo ya kaboni" tafadhali iondoe. Mkopo unalipwa. Mama wa kijijini akisikia kikundi kimepata mikopo ataanza kuulizia riba na dhamana, na ana haki. Kinachouzwa pale ni cheti kwamba tani fulani imefyonzwa, sema hati za kaboni, au kredi kama wanavyosema wengi Kenya. Hapa kaboni inakubalika maana ni jina la biashara yenyewe, hakuna anayeichukulia kama kipimo. Msamiati huu bado haujatulia lakini, ndo kwanza mkoko unaalika maua.

Uhandisi ikolojia: Kiswahili. Howard Odum, mwanaikolojia wa Marekani, aliitumia dhana hii tangu miaka ya 1960 kwa kazi ambayo binadamu anasukuma kidogo na maumbile yenyewe yanafanya sehemu kubwa, ndo mnachofanya mkizibua mkondo ili maji makubwa ya bamvua yafike na mbegu zijilete. Mi sipendi "uhandisi wa ikolojia" kwa sababu inasikika kama uhandisi wa barabara, kwamba ikolojia ndo kitu kinachojengwa. Ila sitampiga mtu.

Basi iandike hivi, ukishapata majibu: "Data hii inaonyesha miche 2,400 imeshika, ikiwemo mkoko, mkandaa na mchu (angalia jedwali), na tunakadiria itafyonza tani 3 za hewa ukaa, ambazo kikundi kitaombea hati za kaboni." Kwenye idadi ya kila mti weka ile iliyo kwenye daftari la shambani. Na "tunakadiria" usikubali aifute.