Semina ya siku tatu haimwandai mtu kutibu sonona

Mdogo wangu, umeuliza kama mwanasaikolojia akishahudhuria semina ya siku tatu anaweza kuanza kutibu sonona kwa tiba ya fikra, yaani kumsaidia mgonjwa kupima mawazo yake kwa ushahidi. Hapana. Nadharia aliyoijenga Aaron Beck kule Marekani miaka ya 1960 inasomeka. Ugumu uko kwenye kuuliza.

Juzi hapa Masasi tulikuwa tunafanya mazoezi ya kuigiza. Mmoja akajifanya mkulima: "Mikorosho yangu imeshambuliwa na ubwiriunga. Mimi ni mkosi." Mwanafunzi akadakia, "Usiseme hivyo, mama!" Hiyo ni faraja, si tiba. Tukarudia. Safari hii akauliza taratibu, "Na majirani waliopuliza salfa kama wewe, wao walivuna?" Yule mkulima akanyamaza, kisha: "Hata wao hawakupata." Hapo ndipo kalamu inashikwa, fikra na ushahidi wake vinaandikwa kwenye daftari.

Umahiri huo unataka miezi ya kusimamiwa. Mazungumzo yarekodiwe kwa ridhaa ya mgonjwa, msimamizi ayasikilize na kuyapima. Kipimo cha umahiri huo kinachotumika sana kina vipengele 11, kila kimoja alama 0 hadi 6, na wengi huhesabu 40 kati ya 66 kuwa kiwango cha kufaulu.

Na mgonjwa akieleza vipindi vya kuchangamka kupita kiasi bila kulala, mpeleke kwanza kwa daktari wa afya ya akili.