Landilodi ameweka kufuli, ana haki?

SWALI: Wakili habari, niko Kayole Nairobi, rent ni 6,500 na nimechelewa mwezi mmoja tu, jana nimetoka kazi nikapata kufuli mpya mlangoni na stima imekatwa, keateka (msimamizi wa nyumba) anasema nilete pesa kwanza. Kweli hii ni sawa?

JIBU: Si sawa, hata kama deni ni la kweli. Landilodi ana njia zake, atume dalali mwenye leseni ashike mali ama aende korti aombe oda ya kukutoa, lakini kufuli, kung'oa mabati, kukata stima ndio uchoke uhame, hapana. Kama unalipa kila mwezi bila mkataba, Sheria ya Ardhi ya 2012 inataka notisi isiyopungua mwezi mmoja. Watu watakutuma kwa lile baraza la kodi za nyumba, ila hilo ni la rent isiyozidi 2,500 kwa mwezi (Nairobi ya leo utaipata wapi jamani), kwa hivyo wewe nenda korti ya hakimu uombe oda ufunguliwe. Kwanza piga kufuli picha, tunza meseji za M-Pesa, ripoti polisi upewe OB namba (namba ya ripoti yako kwa daftari la polisi). Mlango usivunje. Na hiyo rent bado utalipa, oda haifuti deni.