Jibu: Trekta, kununua hapa Tabora au kulifuata Dar?

Mkuu, umeuliza ununue kwa wakala wa hapa Tabora au ulifuate Dar kwa kuwa bei ni nafuu. Nimewahi kufanya kazi stoo ya vipuri kwa wakala mmoja, na nakushauri uanze na stoo, bei baadaye. Nenda kaunta, taja modeli unayoitaka, omba filta ya dizeli, filta ya oili na sahani ya klachi. Ukiambiwa "hiyo tunaagiza", jua mvua za Novemba zitakukuta Urambo trekta limelala shambani, unasubiri mzigo wa basi. Wateja walitupigia simu kwa hasira, na walikuwa na haki kabisa: fundi alikuwa mmoja tu, Sikonge yake, Kaliua yake.

Sevisi ya kwanza kwa matrekta mengi ni baada ya injini kufanya kazi saa 50. Nani analipa nauli ya fundi kuja shambani? Iandikwe kwenye mkataba, maana muuzaji aliyekuahidi kwa mdomo anaweza kuhama.

Trekta la Massey Ferguson lililotumika nalo usilidharau. Mafundi wengi wa mtaani wanalijua, ila nenda na fundi wako mwenyewe kulikagua.