Maktaba isiyokula bando

Mhariri,

Wiki hii mmeuliza: kama kila kitu kimo kwenye simu, halmashauri zina sababu gani ya kuendelea kugharamia maktaba?

"Kila kitu kimo kwenye simu" ni maneno ya mtu mwenye bando. Mwanafunzi wa kidato cha tatu mwenye simu ya kurithi, kioo kimepasuka, na MB 200 za kumfikisha Jumapili, hana kila kitu. Ana WhatsApp na matokeo ya mpira. Maktaba ya McMillan ya Nairobi ilifunguliwa mwaka 1931 kwa ajili ya Wazungu peke yao, na mlango wake ulikuwa na sheria ya kuuzuia. Mlango wa leo hauna sheria wala askari, una ujumbe mfupi tu: kifurushi chako kimeisha.

Kazi ya kwanza ya maktaba ya wilaya kwa sasa, kwa hiyo, ni kuondoa bando njiani. Wengi wakisikia hivyo hufikiria kulipia intaneti ya waifai kwa kila anayeingia. Hiyo ndiyo njia ghali na dhaifu: watu ishirini wanaingia, watano wanafungua video, waliobaki wanatazama kiduara kinazunguka, na mwisho wa mwezi bili haijalipwa na waya umekatwa. Njia inayodumu ni kuyaleta maarifa yenyewe ndani ya jengo, yakae humo, yasomwe kwa simu bila kugusa intaneti hata kidogo.

Kiwix ni programu ya bure inayofanya hivyo. Husoma mafaili ya aina ya ZIM, na kila faili la ZIM ni tovuti nzima iliyobanwa pamoja na sehemu yake ya kutafutia. Wikipedia ya Kiswahili ni faili dogo linaloingia kwenye flashi ya kawaida. Ya Kiingereza pamoja na picha zake ni takribani GB 100. Isiyo na picha ni ndogo zaidi. Kuna pia majaribio ya fizikia na kemia ya PhET, yanayofanywa kwenye skrini, na vitabu ambavyo haki zake zimeachwa wazi. Hadithi za watoto za African Storybook, zikiwamo za Kiswahili, nazo zina leseni inayoruhusu kunakiliwa. Vitabu vya kiada vilivyopigwa picha na kusambazwa kwenye magrupu usiviweke. Ni mali ya watu, na siku mwenye mali akija, seva nzima, yaani kompyuta inayogawa mafaili haya, itazimwa kwa ajili ya faili moja.

Vifaa si vingi. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 yenye RAM ya GB 2 au 4, ndiyo itakayokuwa seva, memori kadi ya GB 32 kwa ajili ya mfumo wa uendeshaji, diski ya SSD ya GB 500 kwa ajili ya mafaili, chaja yake halisi ya volti 5.1 na ampea 3, rauta ya kawaida, na waya wa mtandao wa kuunganisha rauta na Pi. SSD ichomekwe kwenye tundu la bluu, ndilo la USB 3.

Chaja ndiyo inayoua mashine hizi kuliko kitu kingine. Fundi anaona tundu la Type-C, anachomeka chaja ya simu na waya mrefu mwembamba, taa inawaka, anaondoka. Umeme ukishuka chini ya volti 4.63 Pi inaanza kujipunguza kasi, na ukiiunganisha na skrini utaona alama ndogo ya radi kwenye kona ya juu. Watu huipuuza ile alama. SSD inaponyonya umeme zaidi inajikata katikati ya kuandika, faili linaharibika, na lawama anapewa Kiwix.

Adui wa pili anauzwa madukani: memori kadi iliyoandikwa GB 512 huku ndani ni GB 32. Kompyuta inaamini kilichoandikwa, unanakili mafaili bila kosa lolote, kumbe ukishapita uwezo wake halisi kinachoingia kinapotea au kinafuta cha kwanza. Kabla ya kuitumia kadi au flashi, ijaze yote kisha isomwe upya: H2testw kwenye Windows, F3 kwenye Linux. Kadi kubwa inachukua saa kadhaa. Iache ifanye kazi usiku.

Usijaribu kupakua GB 100 kwa modemu ya simu ukiwa wilayani. Kwa kasi ya Mbps 5 isiyoyumba ni zaidi ya saa 44 mfululizo, na kasi isiyoyumba hatunayo. Mtu aende mjini kwenye faiba na SSD yake, apakue kwa torenti, njia ya kupakua vipande vipande, ili ikikatika iendelee ilipoishia, kisha alinganishe namba ya uhakiki ya SHA-256 na ile iliyo kwenye ukurasa wa kupakulia. Herufi moja ikitofautiana, faili ni bovu. Diski iwe imefomatiwa kwa mfumo wa ext4 au exFAT. Ikiwa FAT32 haitapokea faili linalozidi GB 4, hata kama diski iko tupu.

Kuiwasha ni amri moja: sudo kiwix-serve --port=80 ikifuatiwa na mahali yalipo mafaili ya ZIM. Iwekwe ijiwashe yenyewe kila Pi inapowaka, kwa sababu atakayeiwasha asubuhi ni mtunza maktaba au mlinzi, na hatakiwi kujua amri yoyote. Waifai ya ndani ya Pi usiitegemee; hulemewa na watu wachache tu. Tumia rauta, na Pi uipe anwani isiyobadilika, tuseme 192.168.1.10, nje ya zile ambazo rauta inazigawa kwa simu.

Halafu kuna karatasi ya ukutani, ambayo mafundi huidharau na ndiyo inayoamua kama kitu hiki kitatumika. Simu ya kisasa ikiungana na waifai isiyo na intaneti inalalamika, kisha kimyakimya inarudi kwenye data. Msomaji anaandika anwani, hakuna kinachofunguka, na bando linaliwa. Kwa hiyo karatasi iandikwe kwa herufi kubwa: Zima data. Ungana na MAKTABA. Simu ikiuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti, kubali. Fungua kivinjari, andika http://192.168.1.10 yote, pamoja na hiyo http, la sivyo vivinjari vingine vitaitafuta Google au vitang'ang'ania https na kutoa onyo la hatari. Chini yake andika tarehe ya mafaili. Jina la faili la ZIM lina mwaka na mwezi, na msomaji ana haki ya kujua kwamba anasoma ensaiklopidia ya mwaka juzi.

Umeme: Pi na SSD na rauta kwa pamoja hula takribani wati 13. Betri ya asidi ya volti 12 na Ah 20 ina Wh 240, lakini ukiimaliza zaidi ya nusu unaifupishia maisha. Baki na 120, toa upotevu wa kibadilishi, unapata saa 7 hadi 8, yaani siku ya kazi. Kwa maeneo yenye kukatikakatika, washa Overlay File System kwenye raspi-config, menyu ya mipangilio ya Pi, ili mfumo usiandike chochote kwenye kadi. Ila ukumbuke kuizima unapoongeza vitu. Ukisahau, ulichobadilisha kwenye kadi kitayeyuka mashine ikizimwa, na utabaki unajiuliza umerogwa na nani.

Hiyo ndiyo sehemu ya mashine. Sehemu ya pili inahitaji mtu, na hapo maktaba inashindana na steshenari.

Siku hizi Tanzania kuomba mkopo wa chuo HESLB, yaani Bodi ya Mikopo, kuomba kazi ya serikali kwenye Ajira Portal au kufuatilia namba ya kitambulisho cha taifa ya NIDA ni mambo ya mtandaoni. Kijana asiye na uzoefu anakwenda steshenari. Yule wa steshenari, kwa haraka na foleni nyuma yake, anamfungulia baruapepe kwa namba ya simu yake yeye mhudumu, nywila anaiweka ile anayowawekea wote, anajaza, anaprinti, anapokea hela. Mwaka unaofuata mwombaji anatakiwa kuingia tena, mfumo unatuma namba ya siri ya uthibitisho kwenye simu ya mtu aliyeshahama mtaa. Hakuna aliyekusudia wizi, na akaunti imepotea vilevile.

Mtunza maktaba mwenye kompyuta mbili anaweza kuliondoa tatizo hili kwa utaratibu mdogo. Namba ya simu iwe ya mwombaji na laini iwe imesajiliwa kwa jina lake. Nywila aiandike mwenyewe huku mhudumu akitazama pembeni, kisha ainakili kwenye daftari lake. Kivinjari kifunguliwe kwenye dirisha la faragha, na kabla hajainuka cheti na kitambulisho vilivyoskaniwa vifutwe kwenye folda ya Downloads na kwenye pipa la taka pia. Folda ya Downloads ya kompyuta ya umma ni aibu tupu: vyeti vya kuzaliwa, picha za pasipoti, barua za hospitali, vyote vya watu wasiojuana. Mhudumu asijaze fomu kwa niaba ya mtu. Akijaza, kosa la herufi moja kwenye jina ni lake, na mwombaji ndiye atakayelilipia.

Maktaba Kuu ya Taifa pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, Dar es Salaam, ilipofunguliwa mwaka 1967 shida ilikuwa uhaba wa vitabu. Shida ya leo ni kwamba kilichopo leo kesho hakipo. Tovuti ya taasisi inabadilishwa sura, viungo vyote vya zamani vinakufa. Bajeti ya mwaka juzi inaondolewa kupisha ya mwaka huu. Simu inakuonyesha waraka, haikutunzii. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, sheria ndogo za halmashauri, bajeti ya kata, tangazo la Gazeti la Serikali linalogusa ardhi ya wilaya: hivi maktaba ya wilaya ivipakue siku vinapotoka na kuvitia kwenye ile ile seva. Ukurasa wa tovuti uhifadhiwe pia kwenye Wayback Machine ya Internet Archive, inayotunza nakala za kurasa za mtandao, kwa kubandika anwani yake kwenye sehemu ya Save Page Now, ni bure.

Nyaraka za karatasi ziskaniwe kwa dpi 300. Ukishuka chini ya hapo herufi zinavunjika, ukipanda hadi 600 faili linanenepa bila faida. Kisha zipitishwe kwenye Tesseract, programu ya bure ya kusoma herufi kwenye picha, kwa kuchagua lugha "swa". Bila hatua hiyo una picha za kurasa 300 ambazo huwezi kutafuta ndani yake neno "zahanati". Jina la faili lianze na tarehe: 2024-06_bajeti_kata.pdf, zipangike zenyewe. "Bajeti mpya final 2.pdf" ni njia ya uhakika ya kupoteza waraka. Nakala ziwe tatu, mojawapo nje ya jengo. Radi na mchwa havichagui.

Waraka usiochapishwa popote unaombwa. Tanzania ina Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 30. Kenya ina Ibara ya 35 ya Katiba na sheria yake ya mwaka 2016: siku 21, au saa 48 kama taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Ukinyimwa Kenya, unakwenda Ofisi ya Ombudsman, inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za umma. Tanzania unaanza kwa kumwomba mkuu wa taasisi aupitie upya uamuzi.

Maombi mengi hufa kwa sababu yameandikwa kama malalamiko. "Naomba taarifa zote za barabara yetu mbovu" hakuna afisa atakayehangaika nayo. Andika hivi: "Mimi ni raia wa Tanzania. Naomba nakala ya mkataba na hati ya malipo ya ujenzi wa kalavati la barabara ya sokoni, kata yetu, mwaka wa fedha 2023/24. Naomba nipewe nakala ya kielektroniki au ya karatasi." Waraka umetajwa, mahali pametajwa, mwaka upo. Neno "ufisadi" liache nyumbani hata kama unalihisi. Peleka nakala mbili, moja irudi na muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, maana bila tarehe hiyo huna pa kuanzia kuhesabu siku.

Fomu za kuombea taarifa na mfano wa barua hiyo vikae juu ya meza ya mapokezi ya maktaba, pamoja na kalamu iliyofungwa kwa kamba. Jibu likija, mwombaji akikubali, liskaniwe na kuingizwa kwenye folda ya kata hiyo, ili jirani yake atakayeuliza kalavati lile lile mwakani alikute kwenye simu yake, data ikiwa imezimwa.

Msomaji wenu