Binzari ipi itiwe katika pilau?

Dada yangu, umeuliza kwa nini pilau yako ilitoka ya njano ilhali ulifuata maagizo ya jirani yako wa Malindi, aliyekwambia utie vijiko viwili vya binzari. Jirani hakukosea, wala muuza duka aliyekupa unga wa manjano hakukosea, kwa sababu neno binzari limebeba vitu vingi.

Asili yake ni Kiarabu, ambako bizr ni mbegu, na wingi wake, abzar, hutumiwa pia kwa viungo vya chakula. Waswahili walilipokea kwa upana huohuo, kisha wakalibainisha kwa kuliongezea maneno: binzari nyembamba ni zile mbegu ndogo ndefu zenye harufu kali, ambazo wengi wa pwani huziita jira, neno lililotoka Bara Hindi; binzari ya mchuzi ni mchanganyiko uliosagwa, na binzari ya manjano ni tunguu la mmea wa jamii moja na tangawizi, yaani si mbegu hata kidogo.

Pilau inahitaji jira. Ukienda dukani, itaje kwa jina hilo, uinunue ikiwa nzima, uikaange kidogo bila mafuta na uitwange mwenyewe, kwa maana iliyosagwa zamani hupoteza harufu. Rangi, nakusihi, usiitafute kwenye kiungo chochote: itokane na vitunguu vilivyokaangwa kwa subira mpaka vikawa vya kahawia iliyokolea, kabla ya kutia nyama na supu yake.