Pensheni eneo linapojitenga: mzigo ni wa nani?

Ndugu, umeuliza iwapo Uskoti ikijitenga na Uingereza, ni serikali ipi itakayowalipa wazee pensheni ya taifa. Jibu hutegemea mkataba wa kutengana, na ugumu wake ni kwamba pensheni hiyo haina hazina iliyowekwa ikisubiri kugawanywa, kwani michango ya wafanyakazi wa leo ndiyo inayowalipa wastaafu wa leo. Kabla ya kura ya maoni ya mwaka 2014, serikali ya Uskoti yenyewe ilikubali kwamba ingewalipa wakazi wake.

Chekoslovakia ilipogawanyika tarehe 1 Januari 1993, kigezo cha kuamua nchi ipi imlipe mstaafu kilikuwa makao ya mwajiri wake wakati wa mgawanyiko. Kiutawala ni rahisi, lakini kwa maoni yangu hakikuwa cha haki, maana kuna raia wa Cheki waliojikuta wakipewa pensheni ndogo ya Slovakia.

Sisi wa Tanga, mji wa reli na bandari, tunalo funzo la karibu zaidi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977, na ilibidi kungoja mkataba wa mwaka 1984, uliotokana na usuluhishi wa Mswisi Victor Umbricht, ndipo kila nchi ikabidhiwe wajibu wa kuwalipa raia wake waliotumikia mashirika ya Jumuiya. Hata hivyo, mkataba peke yake haukutosha: hapa nchini wastaafu hao, wengi wakiwa wazee sana, walikuwa bado wanadai haki yao mahakamani katika miaka ya 2000.