Kazi za kudijitisha maktaba: niliyoyaona kwa miaka 11

Mdogo wangu, umeuliza kama mtu aliyemaliza diploma ya ukutubi pale Bagamoyo anaweza kuishi kwa kazi ya kudijitisha vitabu na nyaraka, yaani kuvigeuza kuwa faili za kompyuta, au aachane nayo akasome kompyuta. Nina mwaka wa 11 kwenye kazi hii, Dar na Unguja, kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu. Kazi ipo. Ila anayejua kuskani tu ndiye wa kwanza kuaga fedha za mradi zikiisha. Anayebaki ni yule anayeweza kusema picha ile ni ya nini, imetoka wapi, na mtu ataipataje miaka 20 ijayo.

Mimi niliingia kama kibarua wa skana, nalipwa kwa siku. Kitabu kinalazwa kwenye kitanda chenye umbo la V ili mgongo wake usivunjike, kioo kinashushwa taratibu kunyoosha kurasa, kamera mbili zinapiga, kioo kinapanda, mwenzako anafunua. Glovu za kitambaa hatuvai kwenye karatasi, maana zinakuondolea hisia ya vidole na ukurasa mkavu unachanika. Unanawa, unakausha mikono vizuri, basi. Glovu ni za picha za kamera na negativu. Siku nzuri tulifikisha kurasa 400, siku ya majalada yaliyoliwa na mchwa hata 100 hazifiki. Baada ya miezi tisa mradi ukafungwa. Tulikuwa wanane, wakabakizwa wawili: mama aliyekuwa akiorodhesha, yaani kuandika kila picha ni ya nini na imetoka wapi, na kijana aliyekuwa akitunza seva. Nilirudi nyumbani na cheti cha ushiriki, na hapo ndipo nilipoanza kujifunza kuorodhesha kwa dhati.

Nikupe mfano wa kwa nini. Mahali nilipofanya kazi baadaye tulipokea miswada ya familia moja, tenzi na barua za Kiswahili kwa hati za Kiarabu. Kiongozi wa zamu alikuwa fundi kweli wa kamera, lakini hati zile hakuzijua. Vitabu vikapigwa kuanzia kushoto, picha namba 0001 ikawa ukurasa wa mwisho, na miswada mitatu ikaingia kwenye mfumo kinyumenyume. Hakuna aliyeshtuka kwa wiki kadhaa. Picha zilikuwa kali, rangi sawa, ripoti inaonyesha kazi imekamilika. Aliyegundua ni mzee aliyekuja kuutazama utenzi wa babu yake. Aliinama kwenye kioo cha kompyuta, midomo ikicheza, kisha akaniambia: "Mwanangu, huu mmeuanzia tamati."

Mzee yule akanifundisha jambo ambalo darasani sikuwahi kulisikia. Chini ya ukurasa wa kulia, pembeni kabisa, mwandishi wa zamani alikuwa akiandika neno moja dogo lililokaa peke yake. Neno hilo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata. Ukilifuata, utajua kama karatasi imeruka au imegeuzwa, hata mswada ukiwa hauna namba za kurasa. Tangu siku hiyo kila mswada naukagua kwa neno hilo kabla sijatia sahihi.

Kama ulipita madrasa na herufi zile bado unazo, usizidharau. Kusoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu ni ujuzi wa peke yake, kwa sababu mara nyingi herufi moja inabeba sauti zaidi ya moja, b na p na mb zinaandikwa vilevile, na msomaji lazima ajue lugha ndipo ajue neno. Miswada ya namna hii ipo Nyaraka za Taifa Zanzibar, ipo maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ipo chuo cha SOAS kule London. Vitabu vya msikiti wa Riyadha, Lamu, vilipigwa picha chini ya mpango wa nyaraka zilizo hatarini wa British Library, maktaba ya taifa ya Uingereza, ambao umekuwa ukitoa ruzuku tangu 2004. Sharti lao moja nalipenda sana: nyaraka halisi hazitoki nchini, na nakala za picha zinabaki kwa wenyeji. Wanaojua kamera wako wengi, wanaoweza kukaa na mswada na kusema "hii ni barua ya mirathi, hii ni dua" ni wachache mno.

Magazeti nayo yana mitihani yake. Karatasi yake ina tindikali, inageuka kahawia na kukatika kwenye mikunjo, kwa hiyo unafanya kazi ukijua huenda hutapata nafasi ya pili. Baada ya picha inakuja programu ya kugeuza picha kuwa maandishi yanayotafutika. Tesseract ni ya bure na ina Kiswahili, ianzie hiyo. Habari za kawaida inazisoma vizuri kiasi. Ukurasa wa mashairi ndio unaoivuruga. Tuseme gazeti limechapa hivi, ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) kushoto na utao (nusu ya pili) kulia:

Barua nimeituma,   kwako ndugu wa Mafia,
Nijibu kwa mema hima,   moyo upate tulia.

Mashine inaona safu mbili za habari. Inashuka na ukwapi wote mpaka chini, halafu inarudi juu kuanza utao. Unapata "Barua nimeituma, nijibu kwa mema hima", na Mafia imetupwa mbali. Shairi limekufa na hakuna onyo lolote kwenye kioo. Lazima mtu anayelijua shairi akae aunganishe kipande na kipande. Hiyo ni kazi ya kulipwa, na inaweza kufanyika hata ukiwa nyumbani, faili zikiletwa kwa intaneti.

Kwenye kuorodhesha, jifunze Dublin Core, orodha ya vipengele vya kujaza kuhusu kila kitu, kama jina, mtunzi na tarehe. Vipengele vyake ni 15 tu, vya msingi, na mifumo mingi inavielewa. Kuvikariri ni siku moja, kuvijaza kwa haki ni miaka. Fomu inataka jina la ukoo, wewe mbele yako una Juma bin Saleh bin Ali. Ukimweka chini ya Ali, ndugu zake hawatampata kamwe. Au una jalada la enzi za Wajerumani, nalo limeandikwa Bagamojo na Daressalam. Mwanafunzi wa leo ataandika Bagamoyo, na mfumo utamjibu hakuna kitu, wakati jalada lipo pale pale. Unaacha tahajia ya asili kama ilivyo, unaongeza na ya leo. Huenda anayeulizia ni mtu anayetafuta shamba la babu yake, kwa hiyo kosa la dakika moja la mworodheshaji linaweza kumfungia haki yake. Ndiyo maana nalisisitiza hili kuliko yote.

Faili zenyewe pia zinahitaji mlezi. Ukurasa mmoja wa A4 wa rangi, kwa nukta 400 kwa inchi, ukihifadhiwa kama TIFF (aina ya faili la picha) isiyobanwa ni takriban MB 46. Kurasa 10,000 ni zaidi ya GB 460, na hapo ni nakala moja. Zinatakiwa tatu, mojawapo ikae jengo jingine. Nimeshuhudia kazi ya miezi minne ikipotea kwa sababu ilikuwa kwenye diski moja, na diski ikaanguka kutoka mezani. Jifunze pia kutengeneza alama ya ukaguzi ya faili, SHA-256 kwa mfano, ili ujue kama faili imebadilika hata kwa chembe. Hayo hayahitaji shahada ya kompyuta. Wiki mbili za jioni zinatosha.

Ajira ziko wapi? Maktaba za vyuo vikuu na taasisi za nyaraka, ndiyo, lakini tazama pia masjala: mahakama, ardhi, hospitali, benki. Majalada ni mengi kuliko vitabu, na kazi ni ileile. Nafasi za kudumu serikalini hutangazwa kwa vyeo vya mkutubi au kumbukumbu, neno dijiti huenda usilione kabisa kwenye tangazo, kwa hiyo soma majukumu. Miradi ya wafadhili hulipa vizuri zaidi, ila mkataba ni wa miezi. Kabla hujasaini uliza faili zitabaki kwa nani na nani atazitunza mradi ukiisha. Wakishindwa kukujibu, jipange mapema. Na sheria uijue: hakimiliki Tanzania na Kenya hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo si kila kilichoskaniwa kinaruhusiwa kuwekwa wazi.

Kwa hiyo usiuache ukutubi. Diploma yako ndiyo sehemu ngumu ya kazi hii, kompyuta unaiongezea juu. Ukitaka kusoma zaidi, Makerere wana chuo cha ukutubi tangu 1963, na Chuo Kikuu cha Moi kule Eldoret wanafundisha sayansi ya habari. Lakini kabla ya ada fanya hivi: tafuta mkusanyo mdogo wa kweli, barua za familia au kumbukumbu za msikiti, kanisa au ushirika wa kijijini, uombe ruhusa kwa maandishi. Piga kurasa 50 kwa simu, karibu na dirisha, kurasa zikiwa zimelala sawa. Jaza vipengele 15 kwa kila kitu, hifadhi nakala tatu, kisha uweke kwenye DSpace uliyoisimika mwenyewe, programu ya bure ya kuhifadhi na kuonyesha mikusanyo ya dijiti. Nimekaa upande wa wanaosaili mara kadhaa, na anayekuja na kazi ya namna hiyo tunaacha maswali ya karatasini tunaanza kumuuliza kuhusu barua zake.

Ukikwama kwenye kuorodhesha, hasa majina, weka mfano hapahapa, nitaupitia.